Kocha wa maisha si daktari, na daktari naye ana la kujifunza kwa kocha

Ukitembea katikati ya mji wa Eldoret siku hizi hukosi kukutana na tangazo linalokualika kwenye semina ya kujiendeleza. Pichani yumo mtu aliyevalia suti, mikono ameikunja kifuani, anatabasamu kama aliyemaliza kulipa karo ya watoto wake wote. Chini ya picha kuna ahadi kwamba maisha yako yatabadilika kwa muda wa siku 21. Ada hutumwa kwa simu. Chai na mandazi ni juu yao.

Mtu huyo hujiita kocha wa maisha. Katika miji mingine pengine jina hilo lingehitaji maelezo marefu, lakini sisi wa hapa tunamjua kocha. Nenda Chepkoilel asubuhi na mapema, kilomita 9 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya kuelekea Ziwa, utawaona vijana wakizunguka uwanja huku mtu mmoja amesimama kando na saa mkononi. Hapigi kelele. Hutazama saa, huandika, kisha humwita mmoja na kumwambia maneno mawili matatu. Huyo ndiye kocha tunayemfahamu, na nitamrudia.

Mahali penyewe, kwa wasiojua, pana historia ndefu ya kufunza watu wazima. Palianza mwaka wa 1946 kama kituo cha mafunzo ya wakulima wa mashamba makubwa, pakageuzwa chuo cha walimu mwaka wa 1984, Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua mwaka wa 1990, na tangu mwaka wa 2013 ndipo makao ya Chuo Kikuu cha Eldoret. Baadhi ya wagonjwa wangu hutoka pande hizo, na ni mmoja wao aliyenifanya niandike makala haya.

Nitamwita mwalimu, na nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Alikuja kwangu akiwa na umri wa miaka 43, akilalamika kwamba hana nguvu. Alikuwa akilala saa nane na bado akaamka amechoka. Alianza kuchelewa kazini, akaacha kusahihisha daftari za wanafunzi kwa wakati, na nyumbani akawa mkali bila sababu. Rafiki yake alimpeleka kwa kocha wa maisha. Kwa muda wa wiki sita mwalimu alilipa, akahudhuria vikao, akaandika malengo yake kwenye daftari zuri, akaamka saa kumi na moja alfajiri kujisemea mbele ya kioo kwamba yeye ni mshindi. Uchovu haukuondoka. Kocha akamwambia kwamba shida yake ni fikra hasi, na kwamba mtu asiyetaka kubadilika hawezi kusaidiwa.

Nilimwuliza, "Mwalimu, usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo?"

Akafikiri kidogo. "Mara nne, daktari. Wakati mwingine tano. Nilidhani ni baridi."

Nikamwuliza kuhusu kiu, akaniambia kwamba siku hizi hubeba chupa ya maji hata darasani. Mshipi wake wa suruali ulikuwa umeongezwa tundu kwa msumari. Asubuhi iliyofuata alirudi kabla ya kula chochote, tukampima sukari. Kwa mtu ambaye hajala, kipimo cha 7.0 na kuendelea, kikirudiwa na kuonyesha hivyo tena, ni ugonjwa wa kisukari. Chake kilikuwa 14.8.

Msomaji, simlaumu kocha huyo kwa kutojua kisukari. Hakusomea. Ninachomlaumu ni kwamba alikuwa na jibu moja kwa kila swali, na jibu lenyewe lilimtwika mgonjwa lawama. Mwalimu alikuwa amekwisha kuamini kwamba yeye ni mvivu. Alikaa wiki sita akijikaripia kwenye kioo huku sukari ikimwunguza mishipa.

Kwa hivyo, wanaoniuliza, "Daktari, nimlipe kocha?" huwajibu kwamba wanaweza, lakini wasianzie huko. Mtu mzima anayehisi kwamba maisha yamemkwama aanze kwa kupimwa mwili. Sukari ni ya kwanza. Shinikizo la damu ni la pili. Likifika 140 kwa 90 mara kwa mara linahitaji matibabu, na aghalabu halina dalili yoyote. Upungufu wa damu huwachosha akina mama wengi ambao wameambiwa kwamba wamechoka kwa sababu ya watoto. Tezi ya shingoni ikifanya kazi polepole humfanya mtu ahisi baridi, anenepe na apoteze hamu ya kila kitu. Mtu anayekoroma sana na kusinzia mchana pia ana ugonjwa unaojulikana. Vipimo vingi vya aina hii si ghali ukilinganisha na vikao vya semina.

Halafu kuna huzuni ambayo si ya kawaida. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, huna furaha na jambo lolote, hulali au unalala kupita kiasi, huna hamu ya chakula, na unajiona huna thamani, huo ni ugonjwa wa sonona na una tiba. Ukiwaza kwamba heri ungekufa, usingoje kikao cha Jumamosi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na usiende peke yako. Hapa mjini Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina kitengo cha afya ya akili. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ilipitishwa humu nchini mwaka wa 2014, kwa hivyo mshauri nasaha anapaswa kusajiliwa, na unayo haki ya kumwomba cheti chake. Kujiita kocha wa maisha, kwa upande mwingine, hakuhitaji zaidi ya kadi za biashara.

Sasa nigeuke nijikosoe mimi na wenzangu, kwa maana hadithi ya mwalimu haikuishia kwenye kipimo.

Nilimpa dawa. Nikamwambia, kama nilivyowaambia mamia ya wagonjwa kabla yake, "Punguza ugali na sukari, kula mboga kwa wingi, fanya mazoezi." Ilinichukua kama dakika nne. Akaitikia, "Sawa daktari." Baada ya miezi mitatu dawa ilikuwa imefanya kazi yake, lakini chakula kilikuwa kile kile, na tumbo lile lile. Nikarudia maneno yangu, safari hii kwa sauti ya juu kidogo. Akaitikia tena sawa daktari.

Ukweli ni kwamba katika kazi yangu yote sijui kama nimewahi kumbadilisha mtu chakula kwa kumwambia "kula mboga". Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 nchini Kenya hawali mboga na matunda ya kutosha. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau gramu 400 kwa siku, na viazi havihesabiwi. Watu hao hawakosi kujua kwamba mboga ni nzuri. Wamesikia tangu darasa la kwanza.

Aliyemsaidia mwalimu ni jirani yake, mzee mmoja ambaye aliwahi kuwafunza vijana mbio shuleni. Hakumhubiria. Alimwuliza maswali matatu. La kwanza: katika haya yote uliyoambiwa na daktari, ni lipi moja unaloweza kulifanya wiki hii? La pili: jikoni kwenu sasa hivi kuna nini? La tatu: nikupitie siku gani nione umefanya?

Nilipoelezwa hayo nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu kuna madaktari walioandika mambo hayo zamani na mimi niliyasoma kwa ajili ya mtihani tu. Mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alieleza mwaka wa 1983 namna ya kuzungumza na walevi bila kuwakaripia. Aligundua kwamba ukimsukuma mtu, naye hujitetea. Lakini ukimwuliza kwa upole, yeye mwenyewe hutaja sababu za kubadilika, na yale anayoyasema kwa mdomo wake ndiyo anayoyafuata. Yeye na Stephen Rollnick waliandika kitabu kuhusu njia hiyo mwaka wa 1991, na leo hutumika kwa wagonjwa wa kisukari, wavutaji sigara na wengineo.

Karibu na kwetu kuna mfano bora zaidi. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 kuwafunza akina nyanya wakae kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo. Nyanya hamwambii mgeni wake la kufanya. Humsaidia kutaja matatizo yake, kuchagua moja, na kutafuta hatua ya kuchukua kabla hawajakutana tena. Matokeo ya majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani yalionyesha kwamba waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma za kawaida. Nyanya hao hawakuvaa suti.

Na tusiende mbali. Mwaka wa 1976 mtawa kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell, alikuja kufunza jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea ukocha. Alitazama na kusikiliza, akajifunza kwa wanafunzi wake, na miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka wa 2012. Patrick Sang, aliyeshinda medali ya fedha katika mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka wa 1992, alifuatwa na kijana wa jirani huko Nandi aliyetaka apangiwe mazoezi. Sang akampa ratiba fupi ya siku chache. Kijana akaikamilisha akarudi kuomba nyingine. Kijana huyo ni Eliud Kipchoge, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka wa 2003, na mnamo Oktoba 2019 akakimbia kilomita 42 mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Inajulikana pia kwamba Kipchoge huandika mazoezi yake daftarini kwa mkono, na amefanya hivyo kwa miaka mingi.

Utaona kwamba katika mifano yote hii hakuna aliyeahidiwa maisha mapya. Kilichokuwepo ni kazi ndogo inayoweza kumalizika, mtu wa kuiulizia, na daftari. Ratiba ya siku chache ndiyo iliyokuwa mtihani wa kijana wa Nandi: asiporudi, basi.

Zile siku 21 za kwenye tangazo nazo zina asili yake. Mwaka wa 1960 daktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuzoea pua mpya. Neno "angalau" likapotea njiani, na pua ikageuka kuwa maisha yote. Watafiti wa London wakiongozwa na Phillippa Lally waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuanza mazoea mapya, na matokeo yao yaliyotangazwa mwaka wa 2009 yalionyesha kwamba kwa wastani ilichukua siku 66 tendo liweze kufanyika bila kufikiriwa. Wengine walihitaji siku 18, na kwa baadhi ilikadiriwa kufika siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho ningependa ulikumbuke, kwani wengi huacha kabisa baada ya kukosa mara moja.

Jambo moja alilochagua mwalimu ni saladi ya mboga za kuchoma. Kwa nini hiyo? Kwa sababu, alisema, amechoshwa na sukuma wiki iliyokaangwa mpaka imekuwa nyeusi, na hapendi mboga mbichi. Mimi singewahi kufikiria saladi ya kuchoma. Nilimwomba anieleze namna anavyoipika, nami nimeipika nyumbani mara nyingi.

Chukua karoti 3, kipande cha malenge cha kutosha kujaza viganja viwili, pilipili mboga 2, biringanya 1 na vitunguu 2 vikubwa. Karoti zikate nyembamba kwa sababu huchelewa kuiva, malenge na biringanya vipande vya ukubwa wa kidole gumba, vitunguu na pilipili mboga vipande vikubwa zaidi. Vichanganye kwenye karai na vijiko 2 vya mafuta ya kupikia na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pamoja na pilipili manga ukipenda. Mafuta hayo usiyaogope: bila mafuta kidogo, mwili haunufaiki ipasavyo na vitamini A iliyomo kwenye karoti na malenge. Tandaza kwenye sinia, visilaliane, utie kwenye oveni yenye moto wa nyuzi 200 kwa dakika 35 hadi 40, ukigeuza mara moja.

Asiye na oveni, ambao ndio wengi wetu, achome pilipili mboga na biringanya zikiwa nzima juu ya wavu wa makaa mpaka ganda liwe jeusi, kisha amenye na kukata. Karoti, malenge na vitunguu aviweke kwenye sufuria nzito, afunike, na aweke makaa machache juu ya kifuniko kama wafanyavyo akina mama wanaooka keki bila oveni. Tafadhali jiko hilo likae nje. Baridi ya Eldoret imewashawishi wengi kuingiza makaa ndani na kufunga madirisha, na hewa yake huua bila harufu.

Mboga zikipoa kidogo, kamulia limau 1, katia nyanya mbichi na dania, nyunyizia kiganja cha njugu karanga. Inawatosha watu 4, na kila mmoja atakuwa amepata sehemu kubwa ya zile gramu 400. Ugali uwe robo ya sahani. Wenye ugonjwa wa figo wamwulize daktari wao kwanza, kwani mboga hizi zina madini ya potasiamu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa.

Kuna faida nyingine ya kuchoma ambayo ni yetu sisi wa nyanda za juu. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari, na maji hapa huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe yetu humaliza makaa ya watu. Joto la oveni au la makaa halijali mwinuko kiasi hicho.

Mwalimu alianza kwa kupika Jumatano na Jumamosi peke yake. Mzee alipita Alhamisi, akaangalia sufuria, akaandika alama daftarini. Hakulipwa kitu ila chakula. Baada ya mwezi mmoja mwalimu mwenyewe ndiye aliyesema sasa aongeze kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani.

Ikiwa bado unataka kumlipa kocha, na huna jirani kama huyo, mwulize mambo haya kabla hujatuma pesa. Je, ukiona nina shida inayohitaji daktari, utanituma kwa nani? Asiyeweza kutaja hata hospitali moja, mwepuke. Wiki ya kwanza nitafanya nini, na tutajuaje kwamba nimefanya? Akianza kuzungumzia nyota na ndoto, aga. Vikao ni vingapi, na mwisho wake ni lini? Kocha mzuri hutaka siku moja umwache. Na akikwambia uache dawa zako kwa sababu fikra njema zinatosha, usiage hata; toka.

Kwa upande wangu nimebadilisha jambo moja pale kliniki. Mgonjwa akimaliza kupimwa, simwambii tena kula mboga. Namwuliza jikoni kwao kuna nini, na nanyamaza. Inachukua dakika sita badala ya nne, na foleni nje hunung'unika.

Mwalimu huja kila baada ya miezi mitatu. Bado anameza dawa zake. Mara ya mwisho aliniambia kwamba biringanya ameziondoa kwa sababu watoto hawazitaki, na kwamba badala ya limau sasa anatia siki. Sukari yake ya asubuhi ilikuwa 6.4.